Nyundo Moja Haifui

Mwezi uliopita katibu wa kikundi chetu cha washairi alinijia nyumbani. Alibisha hodi, akakaribishwa, akanywa chai, na baada ya kunijulia hali kwa kirefu kama ilivyo ada, akatoa neno alilotumwa. Wenzangu walikuwa wameshauriana na kuafikiana kwamba katika mkutano wetu wa kufunga mwaka nivikwe kilemba na niitwe Shaha. "Mwalimu," aliniambia, "umri unakuruhusu, na elimu yako tunaijua. Hapa kwetu hakuna aliyekutangulia." Nilimshukuru, nikamwomba anipe muda. Aliondoka akidhani kwamba nimeona haya, kama mtu mzima anavyopaswa kuona haya anaposifiwa mbele ya uso wake. Ilikuwa hofu, na sikuweza kuipa jina.

Jina la hofu ile nililipata mbali sana na hapa, kwa wafua panga wa Japani, na aliyenipeleka huko ni mjukuu wangu.

Kijana huyu yuko kidato cha pili, na kama wenzake wengi hupenda kutazama katuni za Kijapani zilizojaa watu wenye panga ndefu. Jioni ile ile ya ugeni wa katibu alinifuata barazani. "Shikamoo babu. Naomba nikuulize: hivi leo, kule Japani, fundi wa panga namba moja ni nani?" Nilimwitikia, nikamwambia kwamba sijui, ila nitatafuta. Nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari kwa miaka 34, na kazi hiyo ilinifunza kwamba jibu la "sijui" humfaa mwanafunzi endapo mwalimu atarudi na kitu mkononi. Basi nikasoma kwa majuma matatu, usiku, taa ikiwa karibu na miwani ikiwa puani.

Kwanza niseme machache juu ya majina, kwa kuwa hapa ni uwanja wa lugha. Upanga wa Kijapani unaojulikana zaidi huitwa katana. Sikio la Mswahili linaposikia katana hukimbilia kitara, neno letu la upanga uliopinda. Huo ni mfanano wa sauti, wala tusijenge ukoo juu yake. Lakini ni mfanano wa bahati njema, maana kitu chenyewe kimepinda kweli. Na ile pua, yaani chuma kigumu kinachokubali makali, wazee wetu iliyo bora waliiita feleji, na upanga uliofuliwa kwayo waliuita kwa jina hilo hilo. Nalitaja neno hili kwa kuwa linatutoka midomoni. Wajapani nao wana jina la pekee kwa pua ya panga zao: tamahagane, maana yake pua iliyo kama kito.

Kito hicho hakichimbwi kikiwa tayari. Katika mji wa Okuizumo, mkoa wa Shimane, kuna tanuri la udongo linaloitwa tatara, ambalo tangu mwaka 1977 linaendeshwa na chama kikuu cha kuhifadhi panga za sanaa cha Japani, chenyewe kilichoundwa mwaka 1948. Wakati wa baridi kali mafundi hulisha tanuri hilo mchanga wa chuma na mkaa kwa siku tatu, usiku na mchana, bila kulala usingizi wa maana. Kiasi cha tani 10 za mchanga na tani 12 za mkaa huzaa bonge moja la tani 2.5 hivi, na ndani ya bonge hilo pua bora ya kufulia panga haifiki tani moja. Tanuri lenyewe huvunjwa ili bonge litolewe. Safari nyingine watajenga jingine.

Sasa nije kwenye swali la mjukuu wangu, swali la nani ni namba moja. Wajapani wamelipenda swali hilo tangu zamani. Mwaka 1719, kwa amri ya mtawala Tokugawa Yoshimune, ukoo wa Hon'ami uliandaa orodha ya panga mashuhuri za nchi nzima. Ukoo huo ulikuwa na kazi ya kunoa panga na kuzipima, na jina la fundi lililotajwa zaidi katika orodha yao ni Masamune, aliyefua panga zake katika jimbo la Sagami mwanzoni mwa karne ya 14. Watu wa Hon'ami walikuwa na desturi ya kutoa hati kwenye karatasi iliyokunjwa, kuthibitisha kwamba upanga fulani ni wa fundi fulani na thamani yake ni kadha. Karatasi iliyokunjwa kwa Kijapani ni origami. Ndiyo sababu hadi leo mtu au kitu kinachoaminika pasi na shaka husemwa kuwa ni origami-tsuki, yaani "chenye karatasi yake". Mafundi wa panga ni wachache, lakini lugha yao imebaki vinywani mwa watu wote.

Orodha nyingine ilikuwa na mizani ya kutisha. Ukoo wa Yamada ulihudumia serikali ya wakati ule kwa kukata vichwa na kwa kujaribu panga, na majaribio yalifanywa juu ya maiti za waliohukumiwa kufa. Kitabu cha mwaka 1797 kiliwapanga mafundi katika madaraja kwa kadiri panga zao zilivyokata, na waliowekwa daraja la juu kabisa walikuwa 12. Nilipomsimulia mjukuu wangu habari hiyo alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo waliangalia kukata peke yake." Naam, peke yake. Hapo pana somo kwa sisi tunaopima mashairi kwa mizani na vina peke yake, na nitalirudia somo hilo chini, maana linanihusu mimi kuliko ninavyopenda.

Wajapani wenyewe waliona kasoro ya kipimo hicho, wakaitungia ngano. Inasimuliwa kwamba Masamune na fundi mwingine, Muramasa, walishindanisha panga zao kwa kuzisimika kijitoni, makali yakielekea maji yanakotoka. Upanga wa Muramasa ulikata kila jani lililoletwa na mkondo. Upanga wa Masamune haukukata hata moja. Majani yalifika mbele yake, yakapinda njia, yakapita salama. Muramasa alicheka, lakini mpita njia aliyekuwa akitazama alitoa hukumu kwamba ule wa pili ndio bora, kwa sababu haukati kisichostahili kukatwa. Kitarehe mafundi hawa wawili wametengana kwa karne mbili hivi, hivyo hawakukutana kamwe. Ngano haijali. Ilitaka kusema kwamba kuna ubora ambao kisu cha mnyongaji hakiwezi kuupima.

Zama za panga kama silaha zilikwisha. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku watu kutembea na panga viunoni, na mafundi wengi wakageukia majembe na visu vya jikoni. Baada ya kushindwa vita mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliyoikalia nchi yalikusanya panga kwa wingi, na ufuaji wake ukakatazwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Uliporuhusiwa tena, uliruhusiwa kama sanaa. Upanga wa leo hauendi vitani. Unatazamwa: umbo la mpindo wake, nyuzinyuzi za chuma kilichokunjwa na kufuliwa tena na tena, na ule ukingo mweupe kama ukungu unaofuata makali, ambao Wajapani huuita hamon.

Ngazi ya mafundi wa leo huanzia chini kabisa, mahali pa mkaa. Atakaye kuwa mfua panga sharti akae chini ya fundi mwenye leseni kwa muda usiopungua miaka mitano, na kwa kawaida halipwi mshahara. Msemo wa karakana unasema kukata mkaa ni miaka mitatu. Mkaa wa msonobari hukatwakatwa vipande vidogo vya ukubwa karibu sawa, kwani vipande vikitofautiana moto hauwi mmoja. Mwanagenzi hukata, hufagia, hutazama, hupigwa na moshi. Mwishoni hufanya mtihani wa siku nane unaosimamiwa na idara ya serikali ya utamaduni, akifua upanga mfupi mbele ya wakaguzi. Akifaulu hupata leseni. Na hata akiwa na leseni hawezi kufua kadiri apendavyo, kwa maana sheria imemwekea ukomo wa panga ndefu mbili kwa mwezi, au fupi tatu. Mwaka 1989 mafundi hao walikuwa kama 300. Siku hizi hawafiki 200.

Juu ya leseni kuna mashindano. Kila mwaka mafundi hupeleka kazi zao mpya kwa chama kile nilichokitaja, zikapangwa kwa daraja na kutunukiwa tuzo. Tuzo iliyo kubwa kupita zote inaitwa kwa jina la Masamune, na kinachonivutia kwayo ni kwamba waamuzi hawalazimiki kuitoa. Kama hakuna upanga ulioifikia, hubaki kabatini. Mwaka 2014 ilitolewa kwa Kawachi Kunihira, fundi wa mkoa wa Nara aliyekuwa amevuka miaka 70, na kwa upande wa panga ndefu ilikuwa imepita miaka 18 bila mtu kuipata. Alichofanya ni kurudisha kivuli fulani hafifu juu ya ubapa wa upanga, mfano wa mvuke kwenye kioo, ambacho mafundi wa Bizen wa zama za Kamakura walijua kukileta na ambacho kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi.

Miaka 18! Nimekaa meza ya waamuzi wa mashindano ya ushairi mara nyingi, na kila mara bahasha ya mshindi wa kwanza ilikuwa imeshafungwa kabla hatujasoma ubeti wa kwanza. Mgeni rasmi amealikwa, picha zitapigwa, lazima apatikane mtu wa kusimama pale. Nimetia sahihi yangu kwenye ushindi ambao nafsi yangu haikuushuhudia. Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tumezoea kukitembeza kibaya kwa gari la matangazo.

Juu ya tuzo kuna daraja lenye jina la ajabu: mukansa. Mu ni "bila", na kansa ni "ukaguzi". Fundi aliyeshinda tuzo za juu mara nyingi huambiwa kwamba tangu sasa hapimwi. Yoshihara Yoshindo wa Tokyo, aliyezaliwa mwaka 1943, alipewa daraja hilo kabla hajatimiza miaka 40. Fundi asiyepimwa bado huonyesha kazi zake kila mwaka, zikisimama pamoja na za wenzake, lakini hapewi nafasi ya kwanza wala ya kumi. Nilipolisoma jambo hilo kwanza nililiona kama pumziko tamu. Kisha nikaliona upande wa pili: mtu huyo ameondolewa kushindwa, na pamoja nako ameondolewa kushinda. Hakuna tena wa kumwambia kwamba mwaka huu umeteleza. Makali yake atayalinda mwenyewe, kwa haya yake mwenyewe.

Na kileleni kabisa kuna wale ambao watu huwaita Hazina Hai za Taifa. Sheria ya Japani haina maneno hayo. Sheria inautambua ujuzi wenyewe kuwa ndio mali ya taifa, na mtu hutajwa kama anayeushika. Heshima haina mrithi. Akifa, inakwisha pale. Tangu utambuzi huo ulipoanza mwaka 1955, kwa ufuaji wa panga wametajwa Takahashi Sadatsugu mwaka ule ule wa kwanza, Miyairi Akihira mwaka 1963, Gassan Sadakazu mwaka 1971, Sumitani Masamine mwaka 1981, kisha Amata Akitsugu na Osumi Toshihira pamoja mwaka 1997. Osumi alifariki mwaka 2009, na Amata mwaka 2013. Baada ya Amata kiti kile kikakaa miaka mingi bila mtu. Tuzo ilipewa, mukansa walikuwapo, panga nzuri zilifuliwa, lakini hapakutajwa mwingine kwa pupa ili pengo lisionekane.

Anayetajwa Hazina Hai hulipwa yen milioni 2 kwa mwaka. Nilipoona kiasi hicho nilidhani ni zawadi ya uzee, kiinua mgongo cha heshima. Sivyo. Fedha hiyo hutolewa ili aendeleze ujuzi na kuwafundisha watakaomfuata. Osumi niliyemtaja alikuwa mwanafunzi wa Miyairi. Kawachi wa tuzo ya 2014 naye alikuwa mwanafunzi wa Miyairi. Miyairi alifariki katika miaka ya 1970, na karibu miaka 40 baadaye nyundo yake ilikuwa ingali inasikika kwa mikono ya watu wengine. Hapo ndipo nilipoweka miwani mezani. Hofu yangu ilikuwa imepata jina lake, na jina hilo lilikuwa swali: nyundo yangu inasikika wapi?

Niwaeleze wasomaji jambo moja la karakanani, kisha mtaelewa kwa nini swali lile liliniuma. Bonge la pua linapotoka motoni likiwa jekundu, fundi mkuu hulishika kwa koleo juu ya fuawe. Yeye ana nyundo ndogo. Wanagenzi wamesimama mbele yake na nyundo kubwa, zenye mpini mrefu. Fundi hugonga kidogo, kuonyesha mahali. Mwanagenzi huitikia kwa pigo zito pale pale. Kidogo, kizito, kidogo, kizito. Chuma hurefuka, hukatwa katikati, hukunjwa, hurudi motoni. Ikikunjwa mara 15, tabaka zake hupita 32,000. Nyundo ile inayoitikia huitwa aizuchi. Wajapani wamelichukua neno hilo na kulitia katika mazungumzo ya kila siku: msikilizaji anapotikisa kichwa na kusema "hai", "so", ili msemaji ajue kwamba anafuatwa, husemwa kuwa anapiga aizuchi. Msemaji ndiye nyundo ndogo, na msikilizaji ndiye nyundo kubwa. Habari haifuliki kwa mmoja.

Nilicheka peke yangu usiku ule. Maana sisi tunalo! Bibi yangu hakuweza kuanza hadithi mpaka tumwitikie. "Paukwa!" "Pakawa!" Mtoto mmoja akisinzia, bibi alirudia "paukwa" mpaka sauti zote zipatikane. Na katikati ya hadithi tulitakiwa kusema "ehe", tukinyamaza naye ananyamaza. Katika tungo zetu tumeliweka jambo hilo hilo mwisho wa ubeti na kuliita kiitikio. Ushairi wetu umejengwa juu ya kuitikiwa.

Mwaka 1991 kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea daftari. Alikuja baada ya kipindi cha mwisho, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu mpaka nilipomwita. Ndani ya daftari mlikuwa na mashairi 11, kwa mwandiko wa kubana ili karatasi itoshe. Nilikaa nalo siku mbili. Nilikuwa kijana wa chuo cha ualimu, nimefunzwa kusahihisha, na kalamu yangu ilikuwa nyekundu. Nikaandika pembeni: mizani 15. Mizani 17. Kina cha kati kimekufa. Neno hili si la kishairi. Kila nilichoandika kilikuwa sahihi. Ningekiandika mtihanini ningepata alama zote. Katika shairi la saba alisimulia jinsi mama yake alivyouza cherehani ili alipe ada, na jinsi sebule ilivyokuwa kimya usiku ule bila mlio wa gurudumu. Nakumbuka nilisimama kidogo nilipofika pale. Nikahesabu mizani, nikakuta mstari wa tatu una 14, nikaandika "14".

Alipokea daftari kwa mikono miwili, akasema "ahsante mwalimu", akaenda. Hakuleta jingine. Nilimfundisha mwaka mmoja na nusu baada ya hapo, akakaa dawati la tatu upande wa dirishani, akajibu maswali alipoulizwa. Katika kurasa zote zile hakuna mahali nilipoandika "ehe". Alikuwa amegonga kidogo, kuonyesha mahali, na mimi mwenye nyundo kubwa sikuitikia. Kumbe nilikuwa ukoo wa Yamada: nilijaribu makali, nikayapanga kwa daraja, na sikuuliza upanga ule ulikuwa wa nini.

Wajapani wana neno jingine la karakanani, tsukeyakiba. Ni makali ya kubandika: upanga butu uliotiwa ukingo unaong'aa, ukitazamwa unapendeza, ukitumiwa unakwisha mara moja. Siku hizi hutumika kwa elimu ya kujipaka kwa ajili ya siku moja. Nilijiuliza kama kilemba cha Shaha juu ya kichwa changu kisingekuwa kitu cha namna hiyo. Mashairi yangu yapo, baadhi si mabaya. Lakini nikihesabu watu wanaotunga leo kwa sababu mimi niliwafungulia mlango, vidole vya mkono mmoja vinazidi.

Neno shaha lenyewe lina mambo. Tunajua kwamba asili yake ni Kiajemi, na kwamba maana yake ni mfalme. Lakini wakwezi wanaijua shaha nyingine: ule moyo mweupe, mlaini, mtamu, ulioko kileleni mwa mnazi. Shaha hiyo haipatikani kwa kukwea na kushuka; anayeitaka sharti auangushe mnazi. Nilifikiri juu ya hilo pia. Je, wenzangu wananivika kilemba ili nianze kazi, au kwa sababu wanaona mnazi umeshazeeka na sasa ni wakati wa kula moyo wake?

Nimalizie na upande wa upanga usioonekana. Kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini ndipo fundi anapochonga jina lake. Upanga hung'arishwa na mnoaji kwa majuma mengi, lakini kipande kile hakisuguliwi kamwe. Kutu yake huachwa izidi kuwa nyeusi karne kwa karne, na wajuzi husoma umri wa upanga katika kutu hiyo. Anayeisugua ili ipendeze ameharibu ushahidi. Na katika panga za Masamune zilizobaki, nyingi mno hazina jina lolote pale. Fundi aliyewekwa juu ya wote hakuzoea kutia sahihi. Waliomtambua walimtambua kwa kazi, na kwa wale waliofua kwa namna yake baada yake. Mimi nami nina kutu yangu, yenye tarakimu nyekundu ya 14 pembeni, na sitaisugua.

Nilimrudishia mjukuu wangu jibu. Nilimwambia kwamba namba moja aliyemtafuta nimemkosa. Kuna mafundi wasiopimwa, na kuna kiti cha juu ambacho Wajapani wako tayari kukiacha wazi. Hakuridhika. "Sasa babu, kama kiti kiko wazi, kijana anayetaka kujifunza atajuaje amfuate nani?" Nikamwambia amfuate atakayemfungulia karakana na kumpa nyundo. Alitikisa kichwa, akasema "ehe", akarudi kwenye katuni zake. Sidhani alijua kwamba ameniitikia.

Kwa katibu niliandika barua, kwa mkono, kama inavyostahili jambo la heshima. Niliwashukuru wenzangu kwa mapenzi yao, nikawaomba kilemba kikae kabatini. Badala yake niliwaomba waniletee vijana wawili, wa kike au wa kiume, wanaotunga vibaya lakini hawawezi kuacha kutunga. Kila Jumamosi alasiri baraza langu liko wazi, chai ipo, na kalamu nyekundu nimeitupa. Miaka mitano ndiyo muda wa mwanagenzi wa Japani. Ikipita, Mungu akinijalia nitakuwa na miaka 72. Hapo wasiniulize mimi, wawaulize hao vijana kama kilemba kinanifaa.

Jumamosi iliyopita alikuja mmoja, binti wa miaka 19, mwenye daftari ndani ya mfuko wa plastiki kwa kuogopa mvua. Shairi lake la kwanza lilikuwa na mstari wa mizani 13. Niliuona. Nikamwomba anisomee kwa sauti, na kila alipotua nilimwitikia. Ya mizani tutayazungumza Jumamosi ijayo.

Alipoondoka niliandika ubeti huu, nikauweka hapa mbele yenu muupime, maana mimi bado ni mtu wa kupimwa:

Nimeletewa kilemba, na kiti chenye heshima,
Mwenyewe sijajigamba, moyo wangu wanisema,
Wako wapi wa kuimba, siku nikisha kuhama?
Nyundo moja haifui, chuma chataka wawili.